Meli za chusa vitani: kutoka Rufiji hadi Tobruk

Alfajiri ya Julai 6, 1915, manowari mbili za Uingereza zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, ziliingia mlango wa Kikunja katika delta ya Rufiji na kuanza kupanda mtoni. Zilikuwa zikiitafuta Königsberg, meli ya kivita ya Ujerumani iliyokuwa imejificha ndani ya mikoko kwa miezi kadhaa. Nyuma yao manowari kubwa zaidi, Weymouth, ikiwa na Admirali Herbert King-Hall, nayo ilisogea ivuke fungu la mchanga. Mbele ya Weymouth zilitangulia meli mbili ndogo, Echo na Fly, zikifagia njia ili bomu lolote lililotegwa majini lipatikane kabla halijaigusa meli ya admirali.

Echo na Fly hazikuundwa kwa ajili ya vita. Zilikuwa meli za kuwinda nyangumi.

Kisa cha Königsberg kimesimuliwa mara nyingi, na kila mara wanaotajwa ni wakubwa: kapteni Max Looff na mizinga yake kumi, Severn na Mersey, na marubani walioruka kutoka Mafia. Echo na Fly, pamoja na wenzao wawili, Pickle na Childers, hupata mstari mmoja, na pengine hata huo hawaupati. Hata hivyo meli hizo nne ni ukurasa wa habari ndefu iliyoanzia bandari za Norwei, ikapita Durban, Rufiji, Oslo, Narvik na Tobruk, ikarudi tena katika Bahari ya Hindi. Ukiifuata habari hiyo utaona kwamba vita havikuibadilisha sana meli ya nyangumi. Viliibadilishia windo. Amani iliporudi, meli ilirudia windo lake la zamani, safari hii ikiwa na ujuzi ilioupata vitani.

Kina cha maji

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914, wiki chache kabla ya vita kuanza. Agosti 6 iliikamata City of Winchester, meli ya biashara ya Uingereza iliyobeba chai, karibu na pwani ya Oman. Baada ya hapo makaa ya mawe yakawa adimu, kwa sababu Waingereza walikuwa wameziba kila njia ya kuyapata. Looff akaingia Rufiji, akatoka usiku mmoja, na alfajiri ya Septemba 20 akaishambulia Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo. Mabaharia 38 wa Uingereza walikufa, na makaburi ya baadhi yao yako hadi leo kwenye kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe. Mitambo ya Königsberg nayo ikaharibika. Ilirudi deltani, na vipande vya injini vikaburutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam vikatengenezwe.

Oktoba 30, 1914, watu wa manowari Chatham waligundua maficho yake. Kuiona ilikuwa kazi nusu. Rufiji humwaga maji baharini kwa milango mingi: Kikunja, Simba Uranga, Kiomboni, Msala na mingineyo, na kila mmoja una mafungu yake, mikondo yake na tope lake. Manowari kubwa za Uingereza zilizama mno majini kuweza kuingia. Novemba 10 Waingereza waliizamisha kwa makusudi meli ya makaa Newbridge katika mlango mmoja ili kuuziba, lakini njia nyingine zilibaki wazi. Makombora kutoka baharini hayakufika.

Kwa hiyo vita vya Rufiji viligeuka kuwa vita vya bildi na pima: ni wapi pana kina, saa ngapi maji yanajaa, fungu limehamia wapi baada ya bamvua. Mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini, Piet Pretorius, alipelekwa deltani kwa siri, na akisaidiwa na wenyeji waliozifahamu njia za mikoko alipeleleza mahali meli ilipo na kupima mikondo. Baharini nako kulihitajika chombo kidogo, chepesi kugeuka, chenye nguvu ya kupambana na mkondo, na ambacho kikipotea hakitaliliwa sana London.

Waingereza walijaribu kwanza vyombo walivyoviteka. Februari 6, 1915, Adjutant, meli ndogo ya kuvuta iliyokuwa mali ya Wajerumani kabla ya kutekwa, ilipelekwa mlango wa Simba Uranga kuchungulia. Ilipigwa risasi kutoka kingoni, bomba la mvuke likapasuka, na wenyewe wa zamani wakairudisha mikononi mwao. Baadaye walifaulu kuitorosha hadi Dar es Salaam, wakaivunja vipande na kuipakia kwenye treni kuelekea Kigoma ili ihudumu Ziwa Tanganyika.

Meli za nyangumi kutoka Afrika Kusini zilikuwa chombo cha namna nyingine.

Meli iliyozaliwa na mzinga

Uwindaji wa nyangumi wa kisasa ulianzia Norwei. Mwaka 1870 Svend Foyn wa Tønsberg alisajili haki ya kubuni mzinga wa kurusha chusa yenye bomu kichwani. Chusa ilimchoma nyangumi, bomu likalipuka ndani ya mwili, na kamba ikambakiza mnyama ameshikamana na meli. Kabla ya hapo watu walimfuata nyangumi kwa mashua na makasia, na spishi zenye mbio ziliwaacha nyuma. Baada ya Foyn hakukuwa na nyangumi aliyekuwa na hakika ya kupona.

Meli ilijengwa kuuzunguka mzinga huo. Ulikaa kwenye omo, juu ya jukwaa, na mara nyingi nahodha mwenyewe ndiye aliyeulenga. Juu ya mlingoti palikuwa na dungu, na humo alisimama mtu mwenye macho makali akitafuta mvuke wa pumzi ya nyangumi upande wa upeo. Kamba ya chusa ilipita kwenye kapi lililoning'inia mlingotini na kuunganishwa na springi kubwa, ili nyangumi akivuta kwa nguvu springi ilegee na kamba isikatike, kama mvuvi wa mshipi anavyomlegezea na kumvuta nguru. Chini ya sitaha palikuwa na boila na injini ya mvuke yenye nguvu kupita umbo la meli.

Sifa nyingine hazionekani kwa haraka. Nyangumi akipiga mbizi hakuna ajuaye atatokea upande gani, kwa hiyo meli lazima iweze kugeuka karibu pale pale ilipo. Ndiyo maana ilikuwa fupi, imeviringika chini, na usukani wake ni mkubwa. Ubavu wake uliinuka kidogo tu juu ya maji ili kuvuta mzoga kuwe rahisi. Injini ilitakiwa iende polepole bila kelele inapomkaribia mnyama, kisha ifyatuke ghafla. Na ilibidi ihimili bahari ya Antaktika, ambako mawimbi hayana huruma.

Kwa afisa wa jeshi la majini, orodha hiyo ilikuwa inajieleza. Hiki ni chombo chenye mzinga omoni, mlinzi juu ya mlingoti, mbio, wepesi wa kugeuka, na mabaharia waliozoea kukifuata kitu kinachozama na kuibuka mahali pengine. Kilichobaki ni kung'oa mzinga wa chusa na kufunga mzinga wa makombora.

Wanorwei walikuwa wamelileta soko hilo karibu nasi. Kuanzia mwaka 1908 walikuwa wakiwinda kutoka Durban, ambako nyangumi walipita kila mwaka wakielekea kaskazini kwenye maji ya joto kuzaa. Vita vilipoanza, Afrika Kusini ilikuwa na meli hizo na watu wanaozijua.

Kazi isiyo na nishani

Deltani, Echo, Fly, Pickle na Childers zilifanya kazi ambazo hakuna mchoraji aliyezichora. Zilipima kina, zilifagia mabomu, zilibeba watu na barua, zililinda milango ya mto usiku. Kuanzia Machi 1, 1915 Uingereza ilitangaza mzingiro wa pwani yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kazi ya kuulinda mzingiro wenyewe, kusimamisha majahazi na kuyapekua, ilihitaji vyombo vinavyoweza kukaribia mwamba na mchanga.

Mashambulizi ya Julai 6 hayakufanikiwa. Severn na Mersey zilifyatua makombora zaidi ya 600 juu ya msitu wa mikoko, zikielekezwa na ndege, lakini Königsberg ikabaki inaelea na Mersey ikapigwa. Julai 11 zilirudi. Rubani John Cull na mwenzake walielekeza makombora kutoka angani hata ndege yao ilipokuwa imepigwa na inaanguka. Adhuhuri ilipopita, Königsberg ilikuwa inaungua, na Looff akaamuru ilipuliwe. Wajerumani waliiopoa mizinga yake na kuivuta nchi kavu, ikawatumikia askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Ujerumani katika koloni, kote nchini. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus.

Vita vya pwani havikuishia hapo. Mwaka 1916 bandari za koloni zilianguka moja baada ya nyingine kutoka kaskazini kwenda kusini: Tanga Julai, Bagamoyo Agosti, Dar es Salaam Septemba 4. Kila mahali mfano ulikuwa ule ule: manowari kubwa ikisimama mbali na kupiga mizinga, vyombo vidogo vikitangulia kutafuta njia. Meli za nyangumi ndizo zilizozoea maji hayo.

Huko Ulaya, Uingereza ilikuwa imeshaona faida ya umbo hilo. Mwaka 1915 kiwanda cha Smiths Dock cha Middlesbrough kilijenga meli 15 kwa ajili ya jeshi la majini, kwa kufuata mchoro wa meli za nyangumi zilizokuwa zimeagizwa na Urusi. Nyingi zilipewa majina ya nyangumi wenyewe: Beluga, Cachalot, Finwhale, Humpback, Rorqual. Zilitumwa kuwinda nyambizi. Hazikusifiwa sana, kwa kuwa zilipepesuka vibaya kwenye mawimbi, na Blackwhale ilipotea kwa bomu la majini Januari 1918. Lakini Smiths Dock haikuusahau mchoro.

Risasi ya kwanza ya Norwei

Vita vya pili vya dunia viliikuta Norwei ikiwa taifa lenye meli nyingi za nyangumi kuliko mataifa yote, na jeshi la majini dogo. Lilipotaka kulinda milango ya bandari zake, liliazima meli hizo pamoja na watu wake.

Usiku wa Aprili 8, 1940, mojawapo, Pol III, ilikuwa zamu kwenye mlango wa ghuba inayoelekea Oslo. Ilikuwa chombo cha tani 214, kilichojengwa mwaka 1926, kikiwa na mzinga mmoja tu. Gizani ikaona msafara wa manowari za Ujerumani ukija na taa zimezimwa. Nahodha wake, Leif Welding-Olsen, alifyatua kombora la onyo, akarusha fataki za kutoa habari pwani, kisha akapambana na manowari Albatros, ambayo chombo chake kiligongana nayo. Wajerumani wakafungua bunduki za rashasha. Welding-Olsen alijeruhiwa vibaya miguu yote miwili na akafia majini, mtu wa kwanza wa jeshi la Norwei kuuawa na Wajerumani katika uvamizi huo. Wenzake wakachukuliwa mateka.

Fataki zake zilisaidia kuziamsha ngome za ghuba. Alfajiri ya siku iliyofuata, mizinga na topido za ngome ya Oscarsborg ziliizamisha Blücher, manowari kubwa iliyoongoza msafara, na mfalme na serikali ya Norwei wakapata saa walizohitaji kuondoka Oslo.

Siku hizo hizo, kaskazini mwa nchi hiyo hiyo, meli nyingine ya nyangumi iliwagharimu Wajerumani kwa kuwa peke yake. Manowari kumi za Ujerumani zilikuwa zimefika Narvik zikiwa na wanajeshi, na mafuta yao yamekaribia kwisha. Meli mbili za mafuta zilitarajiwa. Ikafika moja, Jan Wellem, meli-kiwanda ya nyangumi iliyogeuzwa kuwa tangi la mafuta. Pampu zake zilikuwa za kazi ya polepole. Ilihudumia manowari mbili mbili, kwa saa nyingi kila safari. Manowari zikabaki zinasubiri zamu kwenye ghuba. Aprili 10 Waingereza wakaingia, na Aprili 13 wakarudi na meli kubwa Warspite. Zote kumi zikapotea.

Kutoka Durban hadi Tobruk

Afrika Kusini haikuwa na jeshi la majini la maana vita vilipoanza. Ilikuwa na meli za nyangumi na za uvuvi. Ilizichukua, ikazifunga mizinga, mabomu ya kina na mitambo ya kusikiliza nyambizi, kisha ikazipeleka Bahari ya Kati. Kundi la kwanza lilikuwa meli nne: Southern Floe, Southern Maid, Southern Sea na Southern Isles, ambazo tangu Januari 1941 zilifanya kazi kutoka Alexandria. Pwani ya Libya ilihitaji maji, risasi na chakula kwa njia ya bahari, na kila msafara ulihitaji walinzi.

Februari 11, 1941, Southern Floe ikiwa doria mbele ya Tobruk iligonga bomu la majini na kuzama mara moja. Alipona mtu mmoja, mfanyakazi wa chumba cha boila, aliyeokotwa baada ya kuelea saa nyingi. Ilikuwa hasara ya kwanza kwa meli za kivita za Afrika Kusini.

Tobruk yenyewe ilipoanguka Juni 1942, Parktown, nayo meli ya zamani ya nyangumi iliyogeuzwa ya kufagia mabomu, ilibaki nyuma ikivuta chombo kilichosheheni wanajeshi waliokuwa wakikimbia. Iliwahiwa na mashua za kivita za adui, ikawaka moto na kupotea. Wiki tatu baadaye, Julai 11, Southern Maid pamoja na Protea, zikisaidiwa na ndege, ziliizamisha nyambizi ya Italia Ondina mashariki ya Bahari ya Kati. Mabaharia waliojifunza kumfuata mnyama anayezama na kuibuka walikuwa wamemfuata huyu wa chuma hadi mwisho.

Bei ya kazi hiyo ilikuwa kubwa hadi siku za mwisho. Bever ililipuka kwa bomu karibu na Piraeus, Ugiriki, Novemba 30, 1944. Treern ikafuata kwenye maji ya Ugiriki Januari 12, 1945, na kati ya watu wake akapona mmoja. Meli hizo zilikuwa za watu ishirini na kitu. Bomu linaloweza kutoboa tundu kwenye manowari kubwa liliwafuta karibu wote kwa mara moja.

Windo lawindwa

Wajerumani nao walijua thamani ya meli hizo. Mwishoni mwa 1940 meli ya uvamizi Pinguin, iliyojifanya meli ya biashara, iliingia Antaktika ikasikiliza redio. Manahodha wa Norwei walikuwa wakizungumza wazi kuhusu mapipa, hali ya hewa na mahali pa kukutana. Usiku wa Januari 14, 1941, kapteni Ernst-Felix Krüder alijipenyeza katikati ya meli-kiwanda Ole Wegger na meli ya mizigo Solglimt zilipokuwa zimefungwa ubavu kwa ubavu, akazichukua bila kufyatua kombora. Kisha akaichukua Pelagos. Jumla ya mateka ilikuwa meli kubwa tatu, meli 11 za chusa, na zaidi ya tani 20,000 za mafuta ya nyangumi, bidhaa iliyotengenezewa siagi ya mimea na pia gliserini ya baruti.

Moja ya meli hizo za chusa, Pol IX, Wajerumani waliipa jina tunalolifahamu kutoka Simba Uranga: Adjutant. Juni 1941 ilitega mabomu mbele ya bandari za Lyttelton na Wellington huko New Zealand, na Julai 1 ikazamishwa na Wajerumani wenyewe baada ya kazi. Pinguin haikuwepo kuona. Mei 8, 1941 manowari ya Uingereza Cornwall iliikuta katika Bahari ya Hindi, kaskazini ya Ushelisheli, na kuilipua. Krüder alikufa pamoja na watu wake wengi, na pia mateka waliokuwa ndani.

Meli-kiwanda zenyewe, kwa sababu zilikuwa na matangi makubwa, pande zote zilizitumia kubebea mafuta. Nyingi ziliishia chini ya bahari. Hatima ya Tonan Maru No. 3 ya Japani ndiyo iliyokuwa ya ajabu. Julai 24, 1943, karibu na visiwa vya Truk, nyambizi ya Marekani Tinosa iliisimamisha kwa topido mbili za kwanza zilizolipuka, kisha ikaifyatulia nyingine moja baada ya nyingine, kwa utulivu, kutoka ubavuni. Ziligonga na hazikulipuka. Nahodha Dan Daspit aliacha topido moja, akairudisha Hawaii ikachunguzwe. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kasoro kwenye kifyatuo chake, kasoro iliyokuwa ikiwaponza Wamarekani tangu mwanzo wa vita. Tonan Maru ilizamishwa mwaka uliofuata, ikaopolewa baada ya vita, ikarudi Antaktika kuwinda nyangumi.

Mtoto wa Southern Pride

Kuna meli moja ya nyangumi iliyoathiri vita kuliko zote. Mwaka 1936 Smiths Dock ilijenga Southern Pride, meli ya chusa yenye mbio za maili 16 za baharini kwa saa. Mwaka 1939 Uingereza ilihitaji meli za kulinda misafara dhidi ya nyambizi, nyingi, haraka na kwa bei ndogo. Viwanda vya manowari vilikuwa vimejaa kazi. Mchoraji wa Smiths Dock, William Reed, akapendekeza wachukue Southern Pride, wairefushe, na wawape viwanda vya kawaida vya meli za biashara waijenge.

Ndivyo zilivyozaliwa korveti za aina ya Flower, zilizopewa majina ya maua. Zaidi ya 250 zilijengwa Uingereza na Kanada. Injini yao ilikuwa ya mvuke ya mtindo wa zamani, na hilo lilikuwa la makusudi, kwa sababu fundi yeyote wa meli za biashara aliielewa. Zilipepesuka kiasi kwamba mabaharia walisema zingeyumba hata juu ya umande wa majani. Hata hivyo hizo ndizo zilizobeba mzigo wa misafara ya Atlantiki katika miaka migumu zaidi.

Zilifika kwetu pia. Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kuishambulia Ceylon, kundi kubwa la manowari za Uingereza za mashariki lilihamishia makao yake Kilindini, Mombasa. Mwezi uliofuata korveti kadhaa zilishiriki uvamizi wa Diego Suarez, Madagaska, ambako Auricula ilipotea kwa bomu la majini. Usiku wa Mei 30 nyambizi ndogo za Japani zilipojipenyeza bandarini humo na kuipiga topido meli kubwa Ramillies, korveti Genista na Thyme ndizo zilizokesha zikiangusha mabomu ya kina.

Sona inageukia nyangumi

Vita viliwapa nyangumi likizo ambayo hakuna mkataba uliowahi kuwapa. Msimu wa 1937 hadi 1938 zaidi ya nyangumi 45,000 waliuawa Antaktika. Miaka ya katikati ya vita, meli zikiwa zimeenda kuwinda binadamu, uwindaji wa baharini huko karibu ukome.

Likizo ilikwisha na vita. Sona iliyotengenezwa kuzisikiliza nyambizi ilifungwa kwenye meli za chusa ili kumfuata nyangumi hata akiwa chini. Durban ilianza kutumia ndege kuwatafuta, kama Mafia ilivyotumia ndege dhidi ya Königsberg. Mwaka 1950 tajiri Aristotle Onassis aliingia kwenye biashara hiyo na meli-kiwanda Olympic Challenger, iliyohudumiwa na korveti za zamani zilizogeuzwa meli za chusa. Umbo lililozaliwa kwa nyangumi, likaenda vitani kwa jina la ua, lilikuwa limerudi kwa nyangumi. Kundi hilo lilipuuza sheria za misimu na ukubwa wa mawindo. Peru ilizikamata meli zake Novemba 1954, na biashara yenyewe ikauzwa kwa Wajapani mwaka 1956.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti uwindaji ulitiwa saini Washington Desemba 1946, lakini kwa miaka mingi kanuni zake ziliandikwa na wawindaji kwa ajili ya wawindaji. Durban iliacha mwaka 1975, wakati ambapo hakukuwa na nyangumi wa kutosha wa kulipia mafuta ya meli.

Katika historia yote hii, meli haikuwahi kuchagua. Echo na Fly hazikuuliza kama zinafagia njia ya kumwendea nyangumi au ya kuwaendea watu waliokuwa wakingoja mikokoni, na sona haibagui chuma na nyama. Aliyeamua lilikuwa windo gani ni yule aliyetoa amri, na kwa muda mrefu amri hizo zilitoka Sandefjord huko Norwei, London, Berlin na Tokyo. Mwaka 1979 moja ilitoka kwetu. Ushelisheli, nchi changa isiyokuwa na meli hata moja ya chusa, ilipeleka kwenye Tume ya Kimataifa ya Nyangumi hoja ya kuifanya Bahari ya Hindi kuwa hifadhi, na hoja ikapita. Marufuku ya dunia nzima ya uwindaji wa biashara ilifuata, ikaanza kutumika mwaka 1986. Nyangumi wenye nundu wanaopita Mafia, Zanzibar na Watamu kila mwaka kati ya Julai na Oktoba wanapita kwa kura iliyopigwa, si kwa kuwa kuna mtu aliyekosa meli ya kuwafuata.